Umeme wa kempa Mtwara na Lindi: ampea ngapi zinakutosha?

Wanaoniuliza maswali haya ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye kempa, yaani gari lenye kitanda, jiko na friji ndani yake: Coaster iliyong'olewa viti ikageuzwa nyumba, karavani iliyokokotwa kutoka Afrika Kusini ikapita Msumbiji na kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, au gari kubwa lililoletwa kwa meli kutoka Marekani. Wa pili ni wenye viwanja vya ufukweni, kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati, wanaotaka kufunga soketi za wageni. Mimi ni fundi umeme na nina kiwanja Mikindani, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za waya. Nimejibu hapa kama ninavyomjibu mtu aliyesimama mbele yangu.

Ampea, volti, wati: nianzie wapi?

Anzia kwenye wati, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye kibao cha kila kifaa. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Gawanya wati kwa 230, utapata ampea. Birika la wati 2,000 linakula karibu ampea 9. Friji ya kempa yenye kompresa ya wati 60 inakula kama robo ya ampea.

Sasa geuza hesabu, uone kila soketi inabeba nini. Ampea 6 ni wati 1,380. Ampea 10 ni wati 2,300. Ampea 13 ni karibu wati 3,000, ampea 16 ni karibu 3,700, na ampea 32 ni karibu 7,400. Ukizishika namba hizi tano kichwani, sehemu kubwa ya ukurasa huu utakuwa umeshaielewa.

Nitajuaje gari langu linahitaji ampea ngapi?

Usijumlishe vifaa vyote ulivyonavyo. Jumlisha vinavyowaka kwa pamoja katika saa yako nzito kuliko zote, ambayo kwa wengi ni saa 1 jioni: watu wamerudi kutoka kuogelea, chakula kinapikwa, joto bado halijashuka.

Chukua mfano. Kiyoyozi kinavuta wati 1,000. Chaja ya betri wati 300. Friji 60. Taa, feni na simu za watu wanne, tuseme 100. Jumla ni wati 1,460, yaani ampea 6 na ushee. Mpaka hapo soketi ya ampea 10 inatosha kabisa. Kisha mtu anawasha birika la wati 2,000, na jumla inaruka hadi wati 3,460, ampea 15. Soketi ya 16 itabeba kwa kubana. Ya 13 itaanza kupata moto kwenye plagi. Ya 10, usijaribu.

Dawa ya hapo haiko kwenye soketi. Badili birika. Yapo mabirika madogo ya safari ya wati 750 hadi 1,000. Maji yanachelewa dakika chache tu. Au zima kiyoyozi wakati wa chai. Ukiwa na utaratibu wa kuwasha kitu kizito kimoja kimoja kwa zamu, mahitaji yako yanashuka hata kwa nusu. Angalia pia maikrowevu: zile wati 700 za kwenye tangazo ni za kupikia, lakini kutoka ukutani inavuta 1,100 au zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kempa isiyo na kiyoyozi inatosheka na ampea 6 hadi 10. Yenye kiyoyozi kimoja inatosheka na 16. Ya 32 ni ya gari lenye viyoyozi viwili, au la mtu anayepika kila kitu kwa umeme. Ufaransa viwanja vingi vya kempa huwapa wageni ampea 6 au 10, na watu wanakaa humo likizo nzima.

Soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pini tatu bapa, inafaa?

Kwa usiku mmoja au mbili, ndiyo, ikiwa nzima. Imeundiwa ampea 13 na ndani ya plagi mna fyuzi. Lakini ile 13 ni ya birika la dakika tano, si ya kiyoyozi kinachounguruma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa mzigo wa saa nyingi mfululizo, mimi kwenye soketi ya namna hiyo sivuki ampea 10. Baada ya nusu saa shika plagi: ikiwa ya uvuguvugu, endelea; ikikufanya uondoe mkono, zima na utafute soketi nyingine. Vidaka vya shaba vya ndani vikishalegea, hapo ndipo moto unapozaliwa, na kwa nje hutaona kitu.

Soketi ya 32 si bora kuliko ya 16 kwa vyovyote?

Namba iliyo kwenye soketi ni ahadi, na ahadi hiyo inategemea vitu vyote vilivyo nyuma yake: mita, mein switchi, breka, waya uliozikwa, soketi yenyewe, ekstensheni yako, plagi yako, hadi breka ya ndani ya gari. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Nimewahi kufungua sanduku lenye soketi nzuri ya bluu ya ampea 32, nyuma yake nikakuta waya wa 2.5, yaani shaba yenye unene wa milimita za mraba 2.5, ambao kazi yake ni ampea 16. Na breka imewekwa ya 32. Mwenye kiwanja aliniambia fundi aliyepita aliibadilisha kwa sababu ile ya kwanza "ilikuwa inaruka ruka".

Jambo hili linaniumiza kila ninapolikuta. Breka haikuwekwa kulinda kifaa chako, imewekwa kulinda waya. Wala haikatiki papo hapo mzigo ukizidi kidogo: breka ya ampea 16 inaruhusiwa kubeba ampea 23 kwa muda unaokaribia saa nzima kabla ya kukata. Ikiwa kwa uvumilivu wote huo bado inaruka, ujue inakuambia kweli. Punguza mzigo au badilisha waya. Ukiweka breka kubwa juu ya waya uleule, umemfukuza mlinzi ukaacha mlango wazi.

Soketi ya 16 iliyofungwa vizuri naipokea kwa mikono miwili. Ya 32 ya namna ile naiacha.

Gari langu ni la Marekani, ubavuni limeandikwa ampea 30. Nitafute soketi ya 32?

Hapana, na jibu hili nakuomba ulisome taratibu, maana hapa ndipo magari yanapoungua.

Ampea 30 za Marekani ni za volti 120. Zidisha: wati 3,600. Gari hilo zima, kwa nguvu, ni sawa na soketi yetu ya ampea 16. Ukitengenezewa adapta ya kuliingiza moja kwa moja kwenye volti 230, kila kilichomo kinapokea karibu mara mbili ya volti kilichoundiwa: chaja, maikrowevu, kiyoyozi.

La ampea 50 lina mtego mbaya zaidi, kwa sababu kwenye kibao chake pameandikwa volti 240, na fundi wa huku akiona 240 anasema, "Hii ni ya kwetu hii." Siyo. Plagi yake ina pini nne: laini mbili (zinazoleta umeme), nyutro (inayourudisha) na erthi (ya usalama, inayokwenda ardhini). Kati ya kila laini na nyutro kuna volti 120. Zile 240 zinapatikana kati ya laini na laini. Vifaa vya ndani, karibu vyote, vimegawanywa kwenye laini hizo mbili, kila kimoja kikitumia 120. Ukiunga laini yetu kwenye laini zake zote mbili, na nyutro kwa nyutro, kila kifaa kinapata 230. Ukiunga laini yetu upande mmoja na nyutro yetu upande wa pili, ukaiacha nyutro ya gari hewani, vifaa vya pande hizo mbili vinakuwa vimepangwa foleni kwenye njia moja, na upande wenye mzigo mdogo ndio unaobebeshwa volti nyingi. Taa zitawaka vizuri dakika ya kwanza. Halafu mtu anawasha maikrowevu upande huu, na redio ya upande ule inatoa moshi.

Unachohitaji ni transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 120. Kwa gari la ampea 30 chukua ya kVA 4 au 5, na ujue ukiijaza itavuta karibu ampea 16 kwenye soketi yetu. Hata hivyo transfoma haibadili hezi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50. Birika, pasi na hita havijali. Kompresa ya kiyoyozi iliyoundiwa hezi 60 peke yake inazunguka polepole na kupata moto, na maikrowevu za zamani zenye transfoma nzito ni vilevile. Soma kibao: kikisema 50/60, una bahati.

Njia ninayoipendelea kwa mgeni wa namna hii ni nyingine kabisa. Nunua chaja ya betri ya volti 230, iache ichaji betri za gari, kisha inveta ya gari, kifaa kinachogeuza umeme wa betri, itengeneze volti 120 na hezi 60 zake yenyewe. Hapo hata soketi ya ampea 6 inakutosha kwa kila kitu isipokuwa kiyoyozi, na ndani ya gari hakuna kinachojua kwamba kiko Tanzania.

Ekstensheni ya aina gani?

Mita 25, waya wa 2.5, wa mpira laini, wenye nyaya tatu ndani. Shaba ina uzito: shika roli mbili dukani mikono miwili na utaisikia tofauti.

Kwa nini ninasisitiza? Waya wenyewe unakula volti njiani. Ekstensheni ya mita 50 ya waya wa 1.5, ukivuta ampea 13, inapoteza karibu volti 16 kabla umeme haujafika garini. Ya mita 25 ya waya wa 2.5, hata ukivuta ampea 16, inapoteza kama volti 6. Kinachopotea hakiendi popote, kinageuka joto hapohapo kwenye waya.

Na joto hilo nimeliona kwa macho. Desemba moja mgeni aliegesha Coaster yake chini ya mwembe, hatua kama kumi kutoka kwenye soketi. Alikuwa na ekstensheni ya gurudumu, mita 50, waya wa 1.5. Akavuta mita zilizomtosha, nyingine akaziacha zimezungushwa. Kiyoyozi, friji, chaja na hita ya maji, jumla karibu ampea 10, usiku kucha. Saa 9 za usiku mzee mmoja mvuvi, akiwa njiani kwenda kwenye ngalawa yake, aligonga geti.

"Mwanangu, kwako kunanuka mpira."

"Shikamoo mzee. Wapi?"

"Fuata pua yako."

Niliposhika lile gurudumu, safu ya juu ilikuwa ya uvuguvugu tu. Nikachomoa ukutani, nikaanza kuufungua waya. Baada ya safu mbili ukagoma. Za ndani zilikuwa zimeyeyuka na kugandana kama halua, na mahali pamoja shaba ilikuwa inaonekana. Breka ya ampea 16 haikuruka, na haikuwa na sababu ya kuruka, kwa kuwa ampea hazikufika 16. Waya uliozungushwa hauna pa kupumulia. Ndiyo maana ekstensheni nyingi za gurudumu zina namba mbili ubavuni: wati ikiwa imekunjwa, na wati ikiwa imefunguliwa yote. Ya kwanza mara nyingi ni theluthi tu ya ya pili.

Fungua waya wote hadi mwisho, hata kama gari liko karibu. Ziada itandaze chini ya gari kwa mizunguko mipana isiyolaliana.

Kwa joto la huku bila kiyoyozi mtu analalaje? Kitavuta kiasi gani?

Kibao cha kiyoyozi cha juu ya paa kina namba mbili: uwezo wa kupoza, na umeme kinaovuta. Watu husoma ya kwanza wakaogopa bure. Kiyoyozi kinachopoza wati 2,400 huvuta karibu wati 1,000, yaani ampea 4 na kitu.

Tatizo liko pale kinapoanza. Kompresa ya kawaida, kwa sekunde moja ya kwanza, inataka ampea mara kadhaa ya zile za kawaida. Breka nzima inavumilia. Jenereta ndogo au soketi iliyo mwisho wa waya mrefu haivumilii: taa zinafifia, kompresa inaguna, inashindwa, inajaribu tena. Ukisikia mguno huo mara ya pili, zima. Viyoyozi vya inveta, yaani vile ambavyo kompresa yake hubadili kasi, huanza polepole, na kama unanunua sasa hivi ningekushauri hicho hata kwa bei ya juu.

Mengine ni akili ya kuegesha. Gari lililoshinda juani Novemba ni tanuri. Kiyoyozi kitakimbia hadi usiku wa manane kikitoa tu joto la mabati. Egesha chini ya mwembe au mkorosho, na uelekeze madirisha kwenye upepo: miezi ya kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, unatoka upande mmoja, miezi ya kaskazi, Novemba hadi Machi, unatoka mwingine. Wengi wa wageni wangu wa Julai hawawashi kiyoyozi kabisa. Feni ya wati 30 na neti vinatosha.

Gesi ni ya kwetu Mnazi Bay, mtambo uko Mtwara. Kwa nini jioni volti zinashuka?

Kwa sababu volti hazipungukii mtamboni. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, inazalisha umeme hapa mkoani na tangu 2015 inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam. Lakini kati ya transfoma ya mtaani na kiwanja chako kuna nyaya, na kwenye nyaya hizo kuna majirani. Wote wakiwasha pasi na majiko saa moja jioni, aliye mwisho wa laini anabaki na kilichosalia.

Nunua voltimita ya kuchomeka kwenye soketi, kitu kidogo cha bei nafuu. Ikisoma kati ya 207 na 253, uko sawa. Ikishuka chini ya 207, zima kiyoyozi. Taa na chaja nyingi za kisasa hazitajali.

Stabilaiza inasaidia, ila si muujiza. Haizalishi nguvu. Ukutani pakiwa na volti 190 na wewe unataka wati 2,300, stabilaiza itavuta ampea 12 badala ya 10 ili kuzifikisha. Soketi iliyokuwa inahema inazidi kuhema. Na umeme ukikatika, zima kiyoyozi na friji kwa mkono na usubiri dakika tano baada ya kurudi, au tumia friji gadi ikusubirie.

Erthi ina umuhimu gani kwenye gari? Si linasimama kwenye matairi?

Ni kwa sababu linasimama kwenye matairi. Mpira unaitenga bodi ya gari na ardhi. Waya ukichubuka ndani ukagusa bodi, bodi nzima inakuwa na volti 230 na haina pa kuzipeleka. Inasubiri mtu.

Mtu huyo niliwahi kuwa mimi. Mwaka wa kwanza wa kiwanja changu, mvua za Januari, niko peku kwenye mchanga uliolowa, nikashika kitasa cha mlango wa karavani ya mgeni. Umeme ukanipiga hadi begani. Hita yake ya maji ilikuwa inavuja, na kwenye sanduku langu waya wa erthi ulikuwa umekatika pale unapoingia, kutu ya kijani tupu. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa amepanda na kushuka ngazi ileile asubuhi nzima akiwa na viatu vya mpira. Sijawahi kusahau viatu vile.

Sasa sikiliza jambo ambalo mafundi wengi wa pwani hulipita haraka. Mchanga wetu, hasa ukikauka, haupitishi umeme vizuri. Tuseme fimbo yako ya erthi ina upinzani wa omu 20, ambao kwa mchanga si mbaya. Gawanya 230 kwa 20: ampea 11.5. Umeme wote unaovuja unakwenda ardhini kwa ampea 11.5, na breka ya 16 haitikisiki hata kidogo! Bodi ya gari inabaki na umeme usiku kucha. Kwa hiyo erthi peke yake pwani haitoshi. Lazima iwepo swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampea 30. Hiyo inakata pindi umeme unaotoka na unaorudi vikitofautiana kwa ampea 0.03, chini ya nusu sekunde.

Fimbo izamishwe hadi ifike udongo wenye unyevu. Moja isipotosha weka mbili, ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, uziunganishe. Kisha zipimwe kwa kifaa cha kupimia erthi, si kwa macho. Na kile kitufe chenye herufi T kwenye RCD, mimi nakibonyeza kabla ya kila mgeni kuchomeka. Isipokata, hakuna kuchomeka.

Plagi ya bluu ya 16, ya bluu ya 32, na nyekundu: zinaingiliana?

Haziingiliani, zimeundwa hivyo makusudi. Bluu ndogo ya pini tatu ni ya 16, bluu kubwa ni ya 32. Adapta ya kutoka bluu ya 16 kwenda soketi ya ukutani inakubalika, ukikumbuka kwamba sasa una 13. Ya kutoka 32 kwenda 16 inakubalika tu ikiwa na breka ya ampea 16 ndani yake. Nyekundu ni ya njia tatu, volti 400. Iache.

Jenereta au sola zinaweza kuchukua nafasi ya soketi?

Sola, ndiyo, kwa asiye na kiyoyozi. Paneli za wati 400 kwa jua la huku zinakupa kama uniti moja na nusu kwa siku: friji, taa, feni, simu na kompyuta vinaishi humo bila wasiwasi. Jenereta ni ya dharura. Ile iliyoandikwa kilowati 2.2 mara nyingi hicho ni kilele chake cha muda mfupi, kazi yake ya kudumu iko chini ya hapo, na majirani wamekuja kusikia bahari.

Nina kiwanja, nataka nafasi nne za kempa. Nifunge nini?

Nne mara 16 ni ampea 64. Vitabu vya ugenini vitakuambia wageni hawawashi vyote kwa pamoja, kwa hiyo hesabu kidogo. Kwa huku sikubaliani. Usiku wa Desemba viyoyozi vinne vinawaka kwa pamoja na haviachi. Omba TANESCO umeme wa njia tatu uzigawe nafasi zako kwenye njia hizo. Ukibaki na njia moja, weka nafasi mbili za 16 na mbili za 10, uandike wazi kwenye kibao na kwenye bei. Mgeni hachukii ampea 10. Anachukia kuambiwa 16 akakuta 10.

Kila soketi iwe na breka yake na RCD yake, ili kosa la mgeni mmoja lisiwazimie wote. Ziwe kati ya nusu mita na mita moja na nusu kutoka chini, zenye kifuniko cha kuzuia maji, na zipangwe hivi kwamba hakuna gari litakalohitaji zaidi ya mita 25 za waya.

Waya wa kuzika ndio unaowaponza wengi. Kutoka mita hadi ufukweni, tuseme ni mita 80 na unapeleka ampea 32. Waya wa 6 unapoteza karibu volti 16. Wa 10 unapoteza karibu 9. Wa 16 unapoteza 6. Ukianzia na volti 215 jioni, hizo 16 ndizo zitakazokuvunjia viyoyozi vya watu. Ongeza fedha kwenye kebo, punguza kwenye rangi ya ukuta. Na kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, akuandikie alichofunga na alichopima.

LUKU je? Mgeni wa kiyoyozi anakula uniti ngapi?

Kiyoyozi cha wati 1,000 kwa saa 8 za usiku, kompresa ikifanya kazi nusu ya muda, ni uniti 4. Friji, kwa siku nzima, karibu nusu uniti na kidogo. Chaja na birika, weka moja. Basi ni uniti 5 hadi 6 kwa usiku. Asiye na kiyoyozi hafiki 2. Chukua risiti yako ya LUKU, gawanya fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata, na hiyo ndiyo bei halisi ya uniti ikiwa na makato yake yote. Mita ndogo kwenye kila soketi inamaliza mabishano kabla hayajaanza.

Chumvi ya bahari inaharibu soketi?

Inaharibu, haraka. Fungua masanduku kila baada ya miezi mitatu, kaza skrubu, sugua panapoanza kuwa kijani. Soketi ya Msimbati huzeeka mara mbili ya soketi ya Newala.

Nimefika usiku, mwenyeji amelala, soketi iko gizani. Nichomeke?

Usichomeke. Fungua madirisha, washa feni ya betri, lala. Asubuhi ukiwa na mwanga fungua kifuniko: tafuta weusi wa moto, kijani cha chumvi, na mchwa, ambao hupenda sana masanduku ya huku. Soma namba kwenye breka. Bonyeza T. Chomeka testa ya soketi uone erthi ipo. Zima kila kitu garini, tandaza waya wote, chomeka upande wa gari kwanza, halafu wa soketi. Soma volti. Washa friji. Subiri kidogo, soma volti tena. Washa kiyoyozi, soma tena. Volti zikiwa zimeshuka kwa zaidi ya 10 tangu usomaji wa kwanza, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba mahali fulani, na huo ndio wakati wa kumwamsha mwenyeji.